Tusiifungie Fasihi Yetu kwa Kufuli ya Mwingine

Nilirejea kutoka nyanjani Lamu nikiwa na saa nne za nyimbo za arusi alizoniimbia bibi mmoja aliyenipokea kwa moyo mkunjufu. "Mjukuu wangu, zihifadhi, mimi jua langu limekuchwa," aliniasa. Nilipokiunganisha kinasa sauti na tarakilishi yangu, inayoendeshwa kwa mfumo huria wa Ubuntu, hakikusikika hata kibwagizo kimoja. Mtengenezaji wa kinasa hicho alikuwa amebuni umbizo lake mwenyewe la kuhifadhia sauti, na programu ya kulisoma aliiundia mfumo mmoja tu wa kibiashara. Rafiki yangu akanishauri: "Ndugu yangu, tafuta nakala ya wizi ya mfumo huo. Nani atakujua?"

Shauri hilo ndilo lililonisukuma kushika kalamu. Wengi wetu hudhani kwamba huria ni sawa na holela. La hasha! Programu huria ni ile ambayo mwenyewe ametoa, kwa leseni, ruhusa ya kuitumia, kuichunguza, kuirekebisha na kuisambaza. Jina la Ubuntu, mfumo uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2004, limetoka katika lugha za Kinguni na maana yake ni utu. Anayeiba hawezi kujikinga kwa jina la utu.

Yafaa tutofautishe vizuizi viwili. Cha kwanza ni hataza. Umbizo la MP3, lililotokana kwa sehemu kubwa na utafiti wa taasisi ya Fraunhofer ya Ujerumani, lilidaiwa ada ya leseni kwa miaka mingi, na kwa sababu hiyo mfumo wa Fedora ulikataa kulijumuisha. Mpango wa leseni hizo ulikomeshwa Aprili 2017, na leo MP3 huchezwa bila ada. Kwa video za H.264, kampuni ya Cisco ilitangaza mwaka 2013 kwamba ingetoa kodeki ya OpenH264 bila malipo na kuilipia ada yenyewe. Aidha, kampuni ya Fluendo ya Barcelona huuza kodeki zenye leseni kwa watumiaji wa Linux. Njia halali, basi, zipo.

Kizuizi cha pili ni kufuli ya kiufundi, kama ile ya diski za DVD. Mwaka 1999 kijana Jon Lech Johansen wa Norwei alishiriki kuunda programu ya kuifungua kufuli hiyo. Alishtakiwa, na mwaka 2003 mahakama za nchi yake zikamwachilia huru. Hata hivyo, hukumu ya Oslo si ngao Nairobi: Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inakataza kuvunja kinga za aina hiyo.

Huenda msomaji akauliza: mwanafunzi asiye na fedha afanye nini? Jibu langu ni kwamba tuanzie mwanzo wa safari, si mwisho wake. Tunaporekodi ngano, nyimbo na majigambo, tutumie maumbizo yaliyo wazi: FLAC, ambayo haipotezi chochote cha sauti, au Ogg Vorbis, iliyokamilishwa toleo lake la kwanza mwaka 2002. Chama chetu nacho kisipokee rekodi yoyote ya fasihi simulizi isiyokuwa katika umbizo la namna hiyo.

Mimi niliponea chupuchupu. Nilipata tarakilishi yenye mfumo na leseni halali, nikazigeuza nyimbo zote kuwa FLAC kwa alasiri moja. Je, baada ya miaka ishirini, programu ya mtengenezaji yule ikishatoweka, nani angemsikia bibi yangu wa Lamu? Wahenga hawakukosea: mtegemea cha nduguye hufa maskini. Sauti za wazee wetu ni mali yetu. Ufunguo wake na ubaki mikononi mwetu.