Utajiri wa makapi ya miwa wampita mkulima kando

Mwaka 2025, serikali ilipokodisha viwanda vya sukari vya Nzoia, Chemelil, Muhoroni na Sony kwa kampuni za kibinafsi kwa miaka 30, mjadala ulihusu zaidi madeni ya wakulima na ajira. Makapi ya miwa hayakutajwa sana. Hilo lilikuwa kosa.

Takriban asilimia 30 ya uzani wa miwa inayosagwa hubaki kuwa makapi. Ndani yake, sawa na ndani ya magunzi ya mahindi ambayo akina mama wa Trans Nzoia huchochea jikoni, mna sukari ya aina nyingine iliyofungamana na nyuzi za mmea, wala tumbo la binadamu haliwezi kuisaga. Makapi hayo yakitiwa asidi kidogo na kupikwa kwa mvuke, sukari hiyo hugeuka furfurali, kiowevu kinachotumika kusafisha mafuta ya mitambo na kutengeneza gundi ya kushikanisha mchanga wa kalibu za vyuma.

Huu si uvumbuzi wa jana. Kampuni ya Quaker Oats ya Marekani ilianza kuiuza mwaka 1922, ikitumia maganda ya nafaka yaliyokuwa yakirundikana kiwandani. Wachina huitoa katika magunzi. Huko Sezela, Afrika Kusini, hutolewa katika makapi ya miwa, na mabaki yake yakarudishwa tanuruni kuchemsha maji. Hivyo basi, hoja ya wenye viwanda kwamba makapi yote ni kuni zao ina mashiko nusu tu.

Kenya nayo ina historia yake. Kiwanda cha Muhoroni kimekuwa kikigeuza molasi kuwa ethanoli na hamira tangu miaka ya 1980. Mradi wa molasi wa Kisumu, ulioanzishwa miaka ya 1970, ulikwama gharama zilipopanda kupita makadirio, ukasalia gofu kwa miaka mingi kabla ya kufufuliwa. Mumias ilizindua mtambo wake wa ethanoli mwaka 2012. Kufikia 2019 kampuni hiyo ilikuwa mikononi mwa mrasimu.

Mumias haikuangushwa na ugumu wa kemia. Miongoni mwa yaliyoiponza ni uhaba wa miwa, kwani mkulima aliyecheleweshewa malipo aliuza kwingine au akang'oa na kupanda mahindi. Mtambo wa mamilioni hauwezi kukamua shamba lililo tupu.

Mkulima amezoea kulipwa kwa tani, kulingana na mizani ya langoni. Molasi, umeme na kemikali zinazopatikana baada ya hapo huhesabiwa kuwa mali ya kiwanda, ilhali ni yeye aliyebeba gharama ya mbolea, palizi na usafiri. Pia wanaoishi kando ya mito ndio huachiwa majitaka ya viwanda vya ethanoli, ambayo ni lita kadhaa kwa kila lita moja ya pombe inayotolewa.

Wawekezaji wapya wana miaka 30 ya kuchuma katika makapi hayo. Wawakilishi wa wakulima wanapokutana nao kujadili bei ya miwa, swali la kwanza linafaa kuwa fungu la mkulima ni lipi katika kile kinachotoka baada ya sukari.