Vijiti viwili vyatosha, ila nyasi ni za nani?

Kuna ugonjwa uliowaingia wacheza gofu wetu, nao ni ugonjwa wa kununua vyombo. Mtu akishindwa kutia mpira shimoni Jumamosi, Jumatatu utamkuta dukani akiuliza bei ya zulia la kijani la kufanyia mazoezi sebuleni, au kioo cha kuwekwa mbele ya miguu, au reli ya kuongozea fimbo, au kile kikombe cha umeme ambacho kikipokea mpira huutema ukarudi kwa mwenyewe. Mwezi haupiti, vyote viko chini ya kitanda, na mpira bado unalipita shimo kama watu waliokosana njiani.

Sisemi kwamba vyombo hivyo vyote ni upuuzi. La hasha. Vingine vina akili ndani yake. Ninalosema ni kwamba ile akili iliyomo haina haja ya kuuzwa ghali, na kilicho ghali kweli katika mchezo huu hakipatikani katika duka lolote.

Kwa msomaji ambaye hajakanyaga uwanja wa gofu, yafaa nieleze kidogo. Kila shimo humalizikia kwenye grini, yaani pale penye nyasi zilizokatwa fupi sana. Hapo mchezaji huweka kando fimbo za kupigia mbali, akashika ile fupi ya kusukumia mpira, waiitayo pata. Uwanja kamili wa mashimo 18 kwa kawaida hukadiriwa mikwaju 72 au karibu na hiyo, na katika hesabu hiyo kila shimo limetengewa misukumo miwili. Piga hesabu: 36, nusu nzima ya mchezo, ni ya pata. Hata hivyo, ukienda mahali pa mazoezi utawaona mabwana wamejipanga mstari wakitwanga mipira kwenda mbali kwa nguvu zao zote, na kwenye grini ya mazoezi hakuna mtu ila ndege.

Sasa tupime, maana hapa ndipo penye utamu. Shimo la gofu lina upana wa milimita 108, kipimo kilichowekwa mwaka 1891 na wakuu wa mchezo huo kule St Andrews, Uskoti. Mpira wenyewe hauruhusiwi kupungua milimita 42.67. Ukisimama mita 3 kutoka shimoni, mahali tambarare, na mpira ukaanza safari yake ukiwa umepotoka kwa digrii 1 na kidogo tu, katikati ya mpira hapatafika hata ukingoni. Digrii 1 ni kitu gani? Tazama saa yako ya mkononi. Mshale wa dakika huchukua sekunde 10 kwenda digrii 1. Kosa la kiasi hicho jicho haliwezi kuliona, na mkono hauwezi kulihisi. Ndiyo sababu hata mabingwa wa Marekani wanaocheza kwa mamilioni ya dola, wakiwa futi 8 kutoka shimoni, hufaulu karibu nusu ya mara tu.

Basi ikiwa kosa halionekani wala halihisiki, mchezaji atajuaje kwamba amekosea? Hiyo ndiyo kazi ya chombo cha mazoezi, na kazi yake ni hiyo tu: kumwambia mtu ukweli papo hapo, kabla hajapata nafasi ya kuusingizia upepo.

Na ukweli huo waweza kusemwa na vijiti viwili. Chukua vile vijiti vidogo vya tii ambavyo mpira huwekwa juu yake wakati wa mkwaju wa kwanza. Vichomeke ardhini nusu mita mbele ya mpira, ukiacha baina yake nafasi ya milimita 50. Mpira ukipita bila kugusa, haujapotoka hata nusu digrii, na ukifika mita 3 utakuwa bado umelielekea shimo vizuri. Ukigusa kijiti, umeambiwa. Hakuna kubishana. Bw. Tiger Woods, ambaye hakukosa fedha za kununua chombo chochote duniani, ameonekana mara nyingi akichomeka vijiti viwili ubavuni mwa kichwa cha pata yake na kusukuma mipira katikati, tena kwa mkono wa kulia peke yake. Wengine hutumia uzi uliopakwa chaki, wakaupigisha chini na kuacha mstari mweupe wa kuelekea shimoni. Uzi huo ni ule ule wa fundi wa ujenzi; dukani hubadilishwa jina na bei. Waswahili husema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na katika gofu ni kuinama kweli kweli, tena kwa saa nzima, mpaka kiuno kikushtaki.

Kile kikombe cha umeme ndicho nisichokipenda. Kinakusifu. Husukuma kwa nguvu, kinapokea. Husukuma polepole, kinapokea. Kila mara kinakurudishia mpira kwa adabu kama mtumishi. Shimo la kweli halina adabu hiyo. Mpira uendao mbio huruka juu yake au huzunguka ukingoni ukatoka. Bw. Dave Pelz, Mmarekani aliyekuwa mwanasayansi wa NASA kabla ya kugeukia ualimu wa gofu, alifundisha kwamba mwendo unaofaa ni ule ambao mpira, kama ungekosa shimo, ungesimama inchi 17 mbele yake. Mwendo huo utaujifunzaje sebuleni? Zulia litakufundisha zulia. Nyasi za grini hii si za grini ile, na za asubuhi penye umande si za saa nane mchana. Tofauti hizo ni kubwa hata Bw. Edward Stimpson, Mmarekani mwingine, alibuni mwaka 1935 kijifereji cha mbao cha kuteremshia mpira ili kupima mbio za grini, na chama cha gofu cha Marekani kikakirekebisha na kuanza kukigawa kwa watunza viwanja mwaka 1978.

Kwa hiyo hesabu yetu inaishia penye nyasi. Vijiti viwili ni bei ya peremende, lakini vinahitaji mahali pa kuchomekwa. Na hapo ndipo ninapotaka kuzungumza na kamati za klabu zetu.

Klabu ya Royal Nairobi ilianzishwa mwaka 1906. Kando ya uwanja wake ni Kibera. Upande huu nyasi, upande ule mabati. Enzi za mkoloni Mwafrika aliingia katika viwanja vya namna hiyo akiwa amebeba mfuko wa mtu mwingine. Mlango huo wa kubeba mifuko ndio uliotupa wengi wa wachezaji wetu wa kulipwa. Lakini tangu mashindano ya Kenya Open yaanzishwe mwaka 1967, hadi yale ya 2025, hakuna Mkenya aliyenyakua taji hilo. Aliyekaribia kabisa ni Bw. Jacob Okello mwaka 1998 kule Muthaiga, alipofungana na Ricardo González wa Argentina na kushindwa katika mchezo wa kuamua. Sisemi kwamba ni pata iliyomwangusha. Nasema kwamba mchezo huu huamuliwa kwa nafasi ndogo mno, na nafasi ndogo hujifunzwa kwa mazoezi ya kila siku mahali pale pale penye mashindano.

Kijana aweza kujifunza kupiga mbali popote: malishoni, shambani baada ya mavuno, uwanja wa shule. Hawezi kujifunza kusukuma mpira popote. Grini haiko malishoni.

Tazama sasa makedi, hao wabeba mifuko. Hufika alfajiri, wakaketi kibandani au chini ya mti wakingoja kuitwa. Siku nyingine mtu hungoja mpaka jua likawa utosini, na siku nyingine harudi nyumbani na chochote. Hatua chache kutoka alipoketi iko grini ya mazoezi ambayo haina mtu. Kwa kanuni za klabu, mara nyingi haruhusiwi kuikanyaga siku ya kazi.

Najua kamati zitajibu nini. Zitasema nyasi ni gharama, maji ni gharama, na wanachama ndio wanaolipa. Ni kweli, na si haki kuwacheka kwa hilo. Lakini mtu anayesukuma mpira hachimbi ardhi kama yule wa fimbo ya chuma. Huacha alama ya viatu, na vikiwa viatu vya mpira hata hiyo haibaki. Saa moja tu asubuhi kabla wanachama hawajafika, kona moja ya grini, makedi kumi kwa zamu, na mmoja wao awe msimamizi wa kuziba vishimo. Klabu ambayo imeshindwa na hilo isituambie kwamba inakuza gofu.

Gharama ya chombo wala isitajwe. Kanuni za gofu zinakataza kabisa vyombo vya namna hiyo kutumiwa katikati ya mashindano, kwa hiyo bwana mwenye reli na kioo na kedi mwenye vijiti huingia uwanjani mikono mitupu wote wawili. Na vijiti makedi wanavyo tayari. Huviokota kila siku, pale matajiri wao wanapoviacha.