Pembeni Ni Wapi?

Julai iliyopita nilikuwa natoka Tunduma kwenda Vwawa. Karibu na Ihanda basi letu dogo lilikutana na gari la kusindikiza, taa za njano zikizunguka juu yake. Nyuma yake ilifuata trela ndefu iliyobeba bodi la lori la mgodini, chuma kilichojaza njia yake na zaidi ya nusu ya njia yetu. Kijana aliyechomoza dirishani alipunga bendera nyekundu na kupaza sauti: "Pembeni! Pembeni!" Dereva wetu alitii, akashusha matairi ya kushoto kwenye kokoto. Mbele yetu mama mmoja alikuwa akisukuma baiskeli yenye gunia la mahindi. Alitazama kushoto akaona mtaro, akatazama kulia akaona chuma. Aliiachia baiskeli akarukia mtaroni. Gunia lilipasuka, na msafara haukusimama.

Tangu siku ile neno "pembeni" limenikaa kooni.

Elimu ya usalama barabarani inatufundisha kwamba anayekutana na gari lenye mzigo mpana apunguze mwendo, atoke pembeni na kusubiri. Anayelifuata akae mbali kiasi cha kuviona vioo vyake, kwa kuwa asipoviona, dereva naye hamwoni. Asithubutu kulipita kwenye kona, ambako sehemu ya nyuma ya trela hufuata njia yake yenyewe, wala kwenye mteremko kama ule wa Senjele. Yote hayo ni kweli, nami huwarudia wanafunzi wangu wenye pikipiki kila muhula. Lakini mafundisho hayo yamejengwa juu ya dhana kwamba pembeni ipo, na kwamba aliye barabarani ana breki, usukani na mahali pa kwenda. Mkulima wa Mbozi anayetembea kwa miguu hakufikiriwa.

Barabara hii haikujengwa kwa ajili yake. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru Novemba 1965, njia ya kusini ya Zambia iliingia mashakani, mafuta yakaanza kusafirishwa kwa malori juu ya tope kutoka Dar es Salaam, katika njia ambayo wageni waliiita ya jehanamu. Lami ilikuja kuwaokoa jirani zetu, na huo ni ukarimu ambao sitaujutia. Ninachohoji ni kwamba zaidi ya nusu karne baadaye, bado anayeishi kando yake anahesabiwa kama kizuizi cha safari ya mwingine.

Angalia tunachokipima. Pale Mpemba kuna mizani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari imeweka ukomo wa tani 56, na kila ekseli ina kiwango chake. Mzigo usiogawanyika unaozidi mipaka hiyo huombewa kibali maalumu. Sina ugomvi na mizani, kwa maana barabara ni mali yetu na aliyeizidishia uzito alipe. Lakini mizani hulinda lami. Anayekanyagwa na uzito ni barabara. Anayesukumwa na upana ni binadamu, na huyo hana kituo cha kupimiwa.

Wala tusiambiwe kwamba nafasi hakuna. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati. Watu waliona alama za X zikipakwa kwenye kuta za nyumba zao. Serikali iliyokuwa na rangi ya kutosha kupaka X hizo haiwezi kukosa kokoto za kutengeneza njia ya mita mbili ya waenda kwa miguu ndani ya mita 30 ilizozichukua. Ardhi ipo, na mwananchi ameshaitoa. Aliyebaki kutoa ni mwingine.

Najua nitaambiwa nachezea uchumi. Tunduma inakula kwa malori, kuanzia wakala wa forodha hadi mama lishe, na shaba ya Zambia na Kongo haiwezi kuchimbwa kwa majembe. Nakubali. Ningependa pia kuona TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 na kupita hapa hapa Tunduma, ikibeba sehemu kubwa zaidi ya shehena hizi, ingawa si kila chuma kitaenea kwenye behewa. Mengine yataendelea kuja kwa barabara. Basi yaje kwa masharti yanayomtambua anayekutana nayo.

Kibali hutaja uzito, vipimo na njia. Kwa nini kisitaje vijiji? Mtendaji wa kijiji ana simu, na ujumbe mmoja jioni ya kuamkia siku ya msafara haugharimu hata lita moja ya dizeli. Sharti la pili liwe kwamba msafara usipite mbele ya shule saa za watoto kuingia na kutoka. La tatu, gari la kusindikiza litangulie mbali vya kutosha, lisimame, na lihakikishe barabara iko wazi kabla chuma hakijafika, badala ya kupiga kelele kikiwa tayari nyuma yake. Ndugu zangu mlio katika utumishi wa umma, haya hayahitaji mkopo wala mshauri mwelekezi; yanahitaji saini zenu.

Nilishuka siku ile kumsaidia mama yule kuokota mahindi kwenye kokoto. Hakulalamika. Aliniuliza jambo moja tu: "Mwanangu, kuna jingine linakuja?" Sikujua. Tulivuka tukaenda ofisi ya kijiji, hatua mia mbili hivi kutoka pale, kuuliza. Nao hawakujua.