Elimu ya Nafsi: Tusiikimbie, Tusiimeze Nzima

Mzazi anapomleta mtoto madrasa, neno la kwanza analotuambia aghalabu huwa ni hukumu: "Maalim, huyu ni mkaidi." Nasi walimu, badala ya kuichunguza hukumu hiyo, huipokea na kuikamilisha kwa bakora. Tunakiri kwamba tuliwahi kumtoa darasani kijana mmoja kwa jina hilo la ukaidi. Baada ya miezi michache tukamkuta kwa fundi seremala, akimsikiliza bwana wake kwa adabu na kupima mbao kwa utulivu ambao hatukupata kuuona kwake. Kijana alikuwa yule yule. Kilichobadilika ni mahali na namna ya kutendewa.

Kisa hiki ndicho kilichoturejesha kwenye saikolojia ya haiba, yaani elimu inayochunguza kwa nini watu hutofautiana katika kufikiri, kuhisi na kutenda. Wapo ndugu zetu wanaosema kuwa elimu hii ni ya makafiri, haituhusu. Na wapo vijana wetu wa vyuo wanaoipokea yote bila ya kuuliza. Kwa maoni yetu, makundi yote mawili yamekosea.

Wanaoikataa huanza na Sigmund Freud. Ni kweli kwamba mwaka 1923 aliigawa nafsi sehemu tatu: yenye kutamani, yenye kupima mambo, na yenye kulaumu na kukataza, na mwaka 1927 akaandika kitabu akidai kuwa dini ni njozi tu. Lakini Freud si elimu nzima. Mengi aliyajenga juu ya wagonjwa wachache wa Vienna, na wanasaikolojia wenyewe wameyakosoa.

Wengine walishika njia tofauti. Mwaka 1936, Gordon Allport na Henry Odbert walikusanya kutoka katika kamusi ya Kiingereza maneno karibu 18,000 ya kueleza watu walivyo. Kazi ya namna hiyo, ilipoendelezwa na wengine kwa miongo mingi, ilizaa mpango wa sifa kuu tano: kupenda mambo mapya, bidii na mpangilio, uchangamfu, upole kwa watu, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Sifa hizi ni vipimo vya zaidi na pungufu, wala si visanduku vya kufungia watu.

Albert Bandura naye alionesha mwaka 1961 kuwa watoto waliomwona mtu mzima akilipiga sanamu nao waliiga kupiga. Na azingatie hayo kila mwalimu mwenye bakora! Kabla yake, mwaka 1928, Hartshorne na May walitoa matokeo ya kuwapima uaminifu maelfu ya watoto wa shule nchini Marekani, wakakuta kwamba mtoto anayedanganya katika jambo moja huweza kuwa mwaminifu katika jingine. Mwaka 1968 Walter Mischel akalifufua swali hilo: je, tunayoiita tabia ni ya mtu peke yake, au ni ya mtu na mahali alipo? Lau tungaliyajua haya mapema, kijana yule asingalitoka darasani kwetu.

Je, mlango huu ni mgeni kwetu? Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kimoja juu ya afya ya mwili na ya nafsi. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliwajibu katika Ihyaa wale waliodai kuwa tabia haibadiliki. Na Malik Badri wa Sudan, aliyefariki mwaka 2021, aliandika mwaka 1979 kuwaonya wanasaikolojia Waislamu wasiwafuate wa Magharibi kibubusa. Lakini yeye mwenyewe hakuiacha fani hiyo, bali aliitumikia umri wake wote.

Huo ndio mwendo tunaoupendekeza. Walimu wa madrasa tuisome elimu hii, tuchukue yaliyopimwa, tuyaache ya dhana. Nanyi wazazi, kabla ya kumpa mtoto jina baya, jiulizeni: Je, yuko hivyo kila mahali, au kwetu tu? Nani anamwiga? Je, tumepata kumsifu anapotenda jema? Mtoto akiitwa mkaidi kila siku, hatimaye hulikubali jina.

Wallahu a'lam.