Mashine za shea ziwe mali ya akina mama

Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2000 linaruhusu chokoleti iwe na hadi asilimia 5 ya mafuta ya mimea yasiyo siagi ya kakao, yakiwemo ya mbegu za mti wa shea. Soko hilo la shea ya chokoleti hulishwa zaidi na Afrika Magharibi. Shea ya kaskazini mwa Uganda, kwa upande wake, ni laini na hufaa zaidi kwa vipodozi. Hata hivyo, wanawake wengi wa maeneo ya huko ya Lango na Acholi bado hutwanga na kukamua kwa mkono, huku miti ya shea ikikatwa kwa ajili ya mkaa. Serikali ya Uganda ivipatie vikundi vyao mashine, mikopo na mafundi. Mashine ikiwa ya dalali, faida nayo itakuwa yake.