Kufuli Hailindi Nyumba Mashimoni

Juzi mwanafunzi wangu, ambaye alikuwa amekosa mihadhara ya majuma matatu, alinieleza kwamba mamake mzee amelazwa hospitalini, naye yuko Mashimoni, Kibera, akiilinda nyumba yao. Mhadhiri mwenzangu aliposikia alicheka. Mbona asitie kufuli aje darasani?

Wahenga walinena kuwa nyumba usiyolala ndani hujui ila yake. Sehemu kubwa ya ardhi ya Kibera ni ya serikali. Anayeitwa "mwenye nyumba" huko ni mwenye kuta za udongo na mabati tu, wala si mwenye ardhi. Hati hana, ushahidi wake ni kuwapo kwake na majirani wanaomtambua. Nyumba ikikaa tupu, huenda mgonjwa akarejea akamkuta mwingine ndani. Hata Wanubi, walioishi Kibera tangu enzi za ukoloni, walipewa hati ya ekari 288 mwaka 2017. Mwaka uliofuata, mwezi Julai, maelfu ya wakazi wa Kibera walibomolewa makao yao ili barabara ipite.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inatambua haki ya makao. Na katika kifungu cha 57 inataka wazee watunzwe na jamaa zao pamoja na serikali. Kijana huyu anatimiza sehemu ya jamaa. Je, sehemu ya serikali inatimizwa na nani?

Walimu wenzangu, kabla hatujalifuta jina la mwanafunzi katika orodha, na tuulize kwanza analala wapi, na kwa nini.