BARABARA SAKE–MASISI–WALIKALE: TUMESHALIPA, IKO WAPI?



Mimi ni mutoto wa Masisi. Niko na licence ya uchumi, sina kazi. Nilipomaliza masomo nilijaribu biashara: kununua mafuta ya mawese Walikale, kuuzisha Goma. Bidoni kumi tu. Lori ilikwama mu matope siku tatu, kisha kila bariera iliomba yake. Nilipofika Goma, faida yote ilibaki njiani.

Wanatuambia feza hakuna. Uongo! Tangu 2008 sheria iliunda FONER, mfuko wa taifa wa kutengeneza barabara. Unakula kwenye kila lita ya mafuta na kwenye peaji. Mama anayepanda moto na maharage yake kwenda soko, naye analipa. Mwaka wa 2017 watafiti wa IPIS walihesabu bariera karibu 800 katika Kivu zote mbili. Tunalipa kuliko wenye lami.

Wazee wanakumbuka Kilambo. Kasiterite ya Bisie ilitoka porini kwa migongo ya vijana, kisha ndege ndogo zilitua juu ya kipande cha lami, katikati ya barabara, zikaipeleka Goma. Madini ilipata njia. Mama mujamzito wa Nyabiondo bado anabebwa kwa kipoyi.

Wengine wanasema: amani kwanza, barabara baadaye. Hapana. Shimo njo baba ya bariera. Penye shimo gari inapunguza mwendo; penye gari inapunguza mwendo, mwenye bunduki anatandika kamba na kuuliza jetoni. Na kijana asiyeweza kuuzisha viazi yake, kesho njo yeye atashika hiyo kamba.

Tena, kama barabara haipitike, mbona vita inapita? Machi 2025 M23 ilitoka Masisi ikafika mpaka Walikale-centre. Mwanzo wa Aprili wakaondoka. Mashimo yakabaki.

Kwa hiyo tunadai:

1. FONER itangaze hesabu: tangu 2008 imekusanya ngapi Kivu ya Kaskazini, na ngapi iliingia barabara hii.

2. Bariera za kunyonya raia zitoke zote: za FARDC, za Wazalendo, za M23. Kodi ya kamba ni wizi, hata mwizi akivaa uniforme.

3. Programu ya maendeleo ya territoire 145 ituonyeshe kilomita zetu, si maket na picha za uzinduzi.

4. Wabunge wa Kivu ya Kaskazini waulize maswali haya Kinshasa, na majibu watuletee. Kura walikuja kuomba hapa hapa.

Kila salongo tunatoka na jembe na mpanga, tunaziba mashimo kwa mawe. Salongo tumefanya. Kodi tumelipa. Deni si letu tena.